Pikipiki Isiyo na Kiti cha Nyuma

OMBI LA KUONDOA JINA LA MMILIKI MWENZA ALIYEFARIKI KATIKA HATI YA CHOMBO CHA MAGURUDUMU MAWILI. Hivyo ndivyo jambo lenyewe lilivyoitwa katika ofisi ya mweka hazina wa kaunti yetu, huku Nebraska. Ombi lilirudishwa kwa mwombaji kwa sababu mmiliki mwenza hakuwa ametia sahihi.

"Nimewaambia amekufa," jirani yangu Verlyn Kucera alinisimulia, akitafuna mkate wa mdalasini aliokuwa akiuchovya kwenye bakuli la maharage ya nyama, mlo ambao huku hakuna anayeuhoji. "Yule mama wa dirishani akaniuliza, je, marehemu anaweza kufika mwenyewe siku nyingine?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitamuuliza."

Alicheka peke yake. Arlys, mkewe, alikuwa amefariki mwezi Februari, na tangu hapo Verlyn alikuwa na desturi ya kumaliza mzaha kisha kutazama kiti cha pembeni kuona kama umeeleweka.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ile kubwa ya safari ndefu: kioo mbele kama cha basi, masanduku pande zote mbili, redio, na nyuma kiti cha abiria chenye egemeo na mikono, kinachomfaa mama mkwe sebuleni. Arlys alikaa pale miaka ishirini. Ubaya ni kwamba ilikuwa nzito kuliko ng'ombe, na Verlyn alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti ya miaka tisini. Mwezi Juni ilimwangukia kwenye kokoto za uwanja wa kanisa. Hakuumia. Alishindwa tu kuinyanyua, akaketi kando yake asubuhi nzima akisubiri apite mtu. Hakupita mtu. Binti yake Lorna, aliyeko Arizona, akampigia simu akampa amri: nunua nyepesi, au acha kabisa.

Nilimsindikiza dukani. Rochelle, mwenye duka, mwanamke mwenye mikono ya fundi na ulimi wa dalali, alituonyesha pikipiki aina ya kruza: fupi, ya chini, nyepesi, nyeusi tii.

"Hii utainyanyua hata ukiwa umelewa, mzee."

"Sinywi."

"Basi utainyanyua mara mbili."

Verlyn aliizunguka. Juu ya gurudumu la nyuma palikuwa na madigadi tupu, bati linalong'aa.

"Na abiria anakaa wapi?"

Rochelle alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Ni ya mtu mmoja, mzee wangu," Rochelle akasema taratibu.

"Mtu mmoja," Verlyn akarudia, kwa sauti ya mtu anayepimwa suti ya kuzikwa nayo.

Kwa kuwa hati ya ile kubwa ilikuwa imekwama, biashara haikuweza kufungwa. Rochelle akamwachia kruza aijaribu wakati ofisi ikiendelea kumsubiri marehemu.

Sasa kuna jambo moja ambalo mimi, mtu wa vitabu niliyestaafu kazi ya maktaba na nisiyewahi kupanda pikipiki, sikulijua. Waendesha pikipiki wa huku hutundika kengele ndogo chini kabisa ya chombo, karibu na lami. Wanasema barabarani kuna vijitu vinavyodandia pikipiki zinapopita, na kengele huvinasa. Sharti lake ni moja: kengele upewe. Anayekupenda akununulie, akutundikie. Ukijinunulia mwenyewe, wapo wasemao haifanyi kazi. Wengine, wale walioendesha muda mrefu zaidi, husema inafanya kazi vizuri sana. Ila hainasi: inaita.

Ile kubwa ilikuwa na kengele ya Arlys. Kruza haikuwa na kitu. Wala kengele haiombwi. Verlyn alingoja siku kadhaa, nadhani, akipita na pikipiki mpya mbele ya nyumba zetu, akisimama kusalimia. Sote tuliisifu rangi. Mwishowe alirudi dukani, akachagua kengele, akamwambia Rochelle ni zawadi ya rafiki yake. Rochelle akamfungia kwenye karatasi yenye utepe.

Alhamisi iliyofuata, mchana wa jua kali, aligonga mlango wangu.

"Mkutubi, chukua gari lako. Nifuate nyuma. Angalia, halafu uniambie ulichoona."

"Kuna nini?"

"Ukijua mapema utaona ninachokuambia. Njoo tu. Na usicheke."

Tulitoka mjini kuelekea magharibi, kwenye vilima vya mchanga. Huko barabara ni moja, imenyooka, nyasi pande zote mpaka mbingu inapoanza. Hakuna mti. Hakuna nyumba. Niliendesha nyuma yake, dirisha wazi, nikifikiria chakula cha jioni.

Kisha nikaona madigadi.

Lilikuwa limeshuka. Springi za nyuma zilikuwa zimebonyea, kama zinavyobonyea mtu mzima anapokaa. Nikajiambia ni barabara. Barabara ilikuwa laini kama meza.

Kaunti yetu ina kona moja tu ya maana, panapo daraja la kijito kilichokauka. Verlyn akaikaribia. Mtu anapoingia kona na pikipiki hulala upande wa kona, na abiria mzuri hulala naye. Hilo hata mimi nalijua. Verlyn alilala kushoto.

Pikipiki ikavutwa kulia.

Akalala zaidi. Ikavutwa zaidi. Niliona mabega yake yakipigana. Niliona jaketi lake la ngozi, mgongoni, limekunjamana. Limebanwa. Pande zote mbili za mbavu, kama mtu anapokumbatiwa kwa nguvu.

Hapakuwa na mtu.

Alivuka daraja, akasimama kando ya njia. Nikasimama nyuma yake. Sikushuka mara moja. Yeye alishuka, akaiegemeza kwenye stendi, akasogea pembeni, akaniashiria kwa kidevu: tazama.

Pikipiki ilikuwa peke yake. Nyuma bado imeshuka.

Upepo ulikuwa umetulia. Injini ilikuwa ikitiktika ikipoa. Tukasubiri.

Kisha springi zikainuka. Taratibu. Kama godoro mtu anapoondoka kitandani asitake kukuamsha.

"Umeona," Verlyn alinong'ona.

"Nimeona."

"Tangu nitundike kengele." Ndipo akaniambia habari ya kengele na utepe wake.

"Ni Arlys?" niliuliza, na nikaona aibu, nikiwa na umri wangu na vitabu vyangu vyote.

"Arlys alijua kulala kona," akasema. "Huyu hajui. Huyu hajawahi kupanda kitu."

Nilimwambia aing'oe kengele aitupe mtoni. Akanikumbusha mto umekauka. Nilimwambia nitamnunulia nyingine mimi, leo hii, niitundike kwa mkono wangu. Akanitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira.

"Umechelewa, Mkutubi. Ukiitundika sasa, unamfungia humu."

Jumamosi aliirudisha kruza. Nilishusha pumzi. Jioni nikaenda kwake nikamkuta gereji, anapaka mafuta ya ngozi kwenye kiti cha nyuma cha ile kubwa, kile cha egemeo. Kengele mpya ilikuwa imeshahamia chini ya injini. Ya Arlys ilikuwa juu ya meza, imefungwa kwenye leso.

"Verlyn, mbona umeitoa?"

"Ingemkataza kupanda."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kwenye ile nyepesi hana pa kukaa," akaendelea, akisugua. "Ananibana mgongoni mpaka napumua kwa shida. Hapa atakuwa na kiti chake. Tutaheshimiana."

"Hujui ni nani. Hujui ni nini!"

"Sijui."

"Njoo ule kwetu. Njoo kila siku."

"Nyinyi mnakula saa kumi na moja, saa mbili mmelala." Akakunja kitambaa. "Na baada ya hapo? Tangu Februari, aliyenishika ni daktari wa meno tu. Usinitazame hivyo. Ile ya mtu mmoja nimeijaribu. Nimeijaribu kwa moyo wote. Siiwezi."

Nilisimama pale nikinusa mafuta ya ngozi. Nilipogeuka kuondoka, ile pikipiki, iliyokuwa kwenye stendi na haina mtu karibu yake, ilishuka kidogo nyuma.

Verlyn hakugeuka. Alitabasamu tu, kama mtu aliyesikia mlango wa mbele ukifunguliwa.

Aliondoka Jumanne, mchana kweupe. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Aliendesha polepole, ameketi mbele zaidi ya kawaida yake, anampa mtu nafasi. Alikuwa anaongea.

Pikipiki ilipatikana ng'ambo ya daraja, imeegeshwa vizuri kwenye stendi, tangi limejaa, ufunguo mahali pake. Haikuwa na mkwaruzo. Ofisi ya sherifu ikaiandikisha kuwa chombo kilichotelekezwa kando ya njia kuu, ikamtumia mmiliki onyo la kuja kukichukua. Walimtafuta kwenye vilima kwa mbwa na kwa ndege ya serikali, na mbwa walikataa kupita daraja.

Nilikwenda kuitazama ilikohifadhiwa. Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimeshushwa vyote viwili. Juu yake palikuwa na udongo mweusi, mbichi, unaonuka maji. Huku kwetu ardhi ni mchanga mkavu wa rangi ya unga hadi mpaka wa jimbo, na mvua haikuwa imenyesha tangu Julai.

Watu wana maelezo yao. Lorna anaamini alipoteza fahamu akapotelea nyasini. Sherifu haamini kitu mpaka fomu ijazwe. Kilichotokea ni hiki: Verlyn Kucera alichoka kuwa peke yake, akampa kiti asiyemjua, wakaondoka pamoja.