King'ora Kilichovalishwa Kofia

Theluji ikianza kulegea, miti yetu ya mepo hutoa maji matamu. Pampu huyavuta hadi bandani, nasi tunayachemsha yawe shira. Ni majuma sita tu kwa mwaka.

Bandani tuna mita yetu wenyewe ya umeme, yenye king'ora. Mume wangu, Ghislain, aliipanga ilie umeme ukifika ampea mia moja. Basi kila pampu ikiwaka, wii! wii!

"Kitoto chenu hiki kina njaa," mama mkwe, Réjeanne, alisema. Akavua kofia yake ya sufu, akakivalisha king'ora. Sauti ikafifia. Tukacheka.

Jumanne jua likawaka. Maji yalikuja kwa wingi. Pampu zote zilikuwa zinafanya kazi, na hita ya maji ya kuoshea pia. Ghafla swichi kuu ikajizima. King'ora kilikuwa kimelia ndani ya kofia, hatukujali. Pampu zikasimama, tangi la kukusanyia chini ya miti likafurika, maji matamu yakamwagika kwenye theluji.

"Miti imetoa, sisi tumemwaga," mama alisema. Hakucheka tena. Siku nyingine kama hiyo ingetumaliza.

Jirani yetu Odile, fundi umeme, alikuja.

"Nani kamvalisha mgonjwa kofia?"

"Mimi. Alikuwa anapiga kelele."

"Mmemfundisha kulia ovyo, mama. Anayelia ovyo hasikilizwi."

Akatueleza. Swichi kuu yetu ni ya ampea mia mbili, lakini kwa muda mrefu tusizidishe mia na sitini. Pampu ikiwaka, huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha hutulia. Kwa hiyo mita isubiri sekunde thelathini kabla ya kulia.

Odile aliunganisha nyaya za hita na mita, ili mita iweze kuizima. "Hizi msiguse, ni kazi ya fundi. Lakini vitufe vya mita bonyeza wewe, dada. Si unasoma shule ya jioni?"

Nikabonyeza. Tahadhari: mia na arobaini. Kuzima hita: mia na sitini.

"Kwa nini hita, si pampu?" Ghislain aliuliza.

"Zima kinachoweza kungoja. Na hita irudi umeme ukishuka hadi ngapi?"

Nilifikiri. "Hita inakula thelathini. Ikirudi kwenye mia na hamsini, tutafika mia na themanini, izimwe tena. Irudi kwenye mia na ishirini."

"Loo!" alisema Odile. "Umeninyang'anya jibu mdomoni."

Tukawasha vyombo kimoja kimoja, tukajaribu. Mita ilitii.

Jumamosi jua likawaka tena. Majirani walikuja kula shira ya moto iliyomiminwa juu ya theluji. King'ora kikalia. Mama akashika kofia yake, mkono ukasimama. Muda mfupi baadaye hita ikazimika yenyewe. Pampu hazikusita. Tangi halikumwaga hata tone.

"Nani kawapangia mita hii?" jirani mmoja aliuliza.

Mama akanivalisha mimi ile kofia, akaivuta hadi masikioni.

"Mkwe wangu," alisema kwa sauti ya banda zima kusikia. "Kwa mkono wake mwenyewe."