Safari Isiyo na Tarehe

Siku ile mjinga alikuwa fundi, na yeye mwenyewe hakuwahi kulikana hilo. Kazi ya lifti ina sheria moja ndogo ambayo hata mwanagenzi wa wiki moja huijua: kabla hujakata umeme, ingiza kichwa kwenye shimo la lifti uite, "Kuna mtu?" Kisha ungoje jibu. Fundi alikuwa na miaka kumi na moja kazini. Lakini saa sita ile ya mchana, ukumbi wa chini umefurika wanaokwenda kula na wanaotoka kula, bosi anamfokea kwenye simu, akakata umeme bila kuita.

Mtu alikuwamo.

Alipoubandua mlango kwa mtaimbo, dakika arobaini baadaye, alimkuta mwanamke ameketi sakafuni, viatu vya visigino kavivua na kuvipanga ubavuni kama yuko sebuleni kwake. Gauni lake la kijani lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Mkononi alishika kijitabu chenye picha ya bahari, anajipepea nacho.

"Wewe ndiye fundi?" akauliza.

"Ndiye."

"Basi na mimi ni rubani."

Ukumbi mzima ukacheka. Fundi naye akacheka, maana aliyekosa akinuna huchekwa mara mbili. Akamsindikiza kwa ngazi mpaka ghorofa ya saba, viatu vyake kavibeba yeye, na njiani akajua kwamba bibie ni karani wa ofisi ya safari: kazi yake kuwapeleka watu ng'ambo wakaote jua ufukweni, naye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka hata kwa bahati mbaya. Tangu hapo akamwita Saba.

"Usinicheke," Saba alimwambia mlangoni. "Wewe unapanda na kushuka kutwa nzima na hujafika popote. Tumekutana."

Ndivyo walivyoanza. Kila siku saa ya chakula walipanda juu ya paa, kwenye chumba cha mota ya lifti, sanduku la vifaa likawa meza yao. Hapo Saba alifungua daftari lenye jalada jekundu, akaandika likizo yao. Siku kumi na nne, nchi ya mbali, kando ya bahari. Aliipanga kama anavyowapangia wateja, ila kwa mwandiko wa raha. Siku ya tatu: asubuhi kuogelea, jioni jumba la makumbusho. Siku ya sita: kujifunza ngoma ya wenyeji, fundi asikanyage watu. Siku ya tisa: kutofanya lolote. Fundi alikiri kwamba kuogelea hajui, yeye atakaa mchangani alinde viatu. Saba akaliandika hilo pia: mlinzi wa viatu, siku zote kumi na nne.

Jioni walizungumza kwa simu. Dakika kumi, hazizidi, kisha Saba husema, "Haya, mpenzi, baba ananiita."

Baba huyo fundi alimjua kwa kusikia tu. Mwalimu mstaafu wa hesabu, kumbukumbu imemtoka kidogo kidogo kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Mchana jirani alikaa naye. Majina ya wanawe, mwaka, hata marehemu mkewe, vyote vilikwenda. Kilichobaki ni Saba. Kila jioni akisikia ufunguo mlangoni huuliza, "Umerudi, mama?" Naye hujibu, "Nimerudi, baba." Fundi aliomba mara nyingi akamsalimie mzee. Kila mara Saba aliahirisha, kwamba sura ngeni humchanganya.

Na kila fundi alipouliza wanaondoka lini, Saba alicheka, akafungua ukurasa mwingine.

Mwaka wa pili kicheko kile kikaanza kumchoma. Alijiuliza kama anapendwa au anapotezewa muda. Mwisho akajipa jibu la mtu anayejiamini: Saba anataka kwenda, ila huruma imemfunga miguu, na anayempenda hana budi kumfungua. Akatafuta namba ya dada yake Saba, aliyekaa mji wa mbali, mwendo wa saa sita. Dada, ambaye miaka yote alijiona hajatimiza wajibu, alikubali kabla ombi halijaisha. Karani mwenzake Saba akatoa nakala ya pasipoti ya Saba, ambayo haijawahi kutumika. Tiketi zikakatwa. Watu watatu walijua siri, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenye safari.

Fundi aliingia ghorofa ya saba saa tano asubuhi, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani bado, bahasha mkononi. Makarani wakapiga vigelegele. Saba akasoma jina lake, akasoma tarehe. Ilikuwa kesho yake.

"Na baba?"

"Mzee yuko njiani," fundi akasema, uso unang'aa. "Dada yako amemchukua tangu saa tatu. Usiwe na wasiwasi, mpenzi."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Saba hakupiga kelele. Alivua viatu vyake, akaviacha chini ya meza, akashuka kwa ngazi ghorofa zote saba, na lifti ilikuwa nzima.

Siku nne simu yake haikupokelewa. Ndege ikaondoka na viti viwili vitupu. Siku ya tano, Jumamosi asubuhi, fundi akapewa anwani na yule karani mwenzake, akaenda.

Aliyemfungulia ni mzee mwenyewe, amefunga tai, miguu mitupu. Akamkaribisha vizuri. Ukutani kulibandikwa karatasi zenye mwandiko ule ule wa daftari jekundu: CHOO, JIKO. Mlangoni, kubwa kuliko zote: BABA USITOKE, NARUDI SAA KUMI NA MOJA.

Saba alitoka jikoni na kikombe cha uji. Alikuwa na kanga kiunoni na macho ya mtu aliyelia mpaka akachoka. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu.

"Bibie huyu ni mwema sana," akamnong'oneza fundi. "Mwambie angoje. Binti yangu yuko kazini, atarudi tu."

Fundi akaketi bila kukaribishwa. Saba alimweleza kwa sauti kavu. Kwa dada, mzee hakulala, alitafuta mlango usiokuwepo. Yeye Saba alipofika huko usiku ule, baba alikuwa amekwisha kumpoteza kichwani. Hata walipomrudisha nyumbani, ufunguo ukilia mlangoni hauulizwi kitu.

"Nilitaka upumzike," fundi akasema. "Safari uliiandika mwenyewe, Saba. Siku kwa siku."

"Niliiandika kwa sababu haikuwa na tarehe. Likizo yangu ilikuwa saa ile moja juu ya paa. Nikishuka, nilimkuta baba yangu."

"Nitafanya lolote. Nitakuja kila siku, nitakaa naye."

"Utakuja kama nani? Hapa tayari wageni ni wawili, mimi na yeye."

Mzee alikuwa anakunywa uji wake, macho yakiwa mlangoni. Fundi akashika kichwa. Akabaki na hoja moja tu, akaitoa kama mtu anayetoa nguo yake ya mwisho.

"Siku ya lifti pia nilikosa. Nilikata umeme bila kuita, na ulinisamehe. Mbona siku ile uliweza?"

"Siku ile aliyekuwamo ndani nilikuwa mimi. Safari hii alikuwamo baba. Msamaha kamwombe yeye, ila kwanza mkumbushe mimi ni nani."