Badria Alivyotia Chumvi Deni la Taifa

Kila Jumamosi, Badria akishadeki ua na kunywa chai, alipita mlango hadi mlango kukusanya hela ya mchezo. Bibi yake, Bi Sitara, ndiye aliyekuwa kijumbe, msimamizi wa mchezo wa akina mama wa nyumba yao ya Kariakoo na nyumba za jirani. Kila mmoja alitoa kiasi kilekile kila wiki, na kila wiki mmoja wao alikabidhiwa zote, kwa zamu, hadi wote wapate.

Badria aliipenda kazi hiyo kwa sababu ya maneno yake. Mlango huu alisikia nani kachumbiwa, mlango ule nani kanuniana na nani, na akifika mlango wa mwisho anajua habari za mtaa mzima.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Severine, fundi cherehani aliyepanga chumba cha uani. Alikuwa amepata oda ya kushona sare za shule, lakini cherehani yake ilikuwa imechoka, inaruka nyuzi. Polycarp, muuza cherehani wa mtumba, alikuwa na moja nzima kabisa.

"Nakuwekea mpaka alasiri tu, dada," alimwambia. "Kuna mteja wa Lubumbashi anaitolea macho."

Badria alipotoka, redio ya kinyozi wa barazani ilikuwa inasoma habari. Msomaji alisema deni la taifa limeongezeka. Kinyozi akaguna, mteja wake akatikisa kichwa. Badria hakusubiri kusikia zaidi.

"Shikamoo, Mama Mudi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko nje?"

"Si nzuri. Hujasikia? Taifa lina deni kubwa!"

"We! Kubwa kweli?" Mama Mudi aliacha kuchambua mchele akamtazama. Badria hakuwahi kusikilizwa na mtu mzima namna ile. Akaona utamu.

"Nchi imefilisika," akaongeza. "Hela zitabaki makaratasi. Bora kila mtu akae na chake."

Mama Mudi akairudisha pochi kifuani. "Basi hela yangu ya mchezo ngoja kwanza."

Mlango wa pili Badria alisema benki zitafungwa. Mlango wa tatu akasema zimeshafungwa. Ritha, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, alishika kichwa.

"Kama mjukuu wa kijumbe anasema hivi," alinong'ona kwa jirani yake, "kijumbe mwenyewe anajua makubwa zaidi. Tusitoe kitu!"

Adhuhuri Badria alirudi na kipochi chepesi. Severine alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga khanga vizuri, tayari kwenda dukani.

"Mbona hivi?" Bi Sitara aliuliza.

Badria alijaribu kusema akina mama hawakuwepo, lakini bibi yake alimkazia macho. Akashindwa. Akaeleza yote.

Severine hakumgombeza. Alikaa taratibu kwenye kigoda. "Basi nimpigie Polycarp, ampe yule wa Lubumbashi. Na wenye sare niwaambie watafute fundi mwingine."

Hapo Badria akaanza kulia. Angetukanwa angevumilia, sauti ile ya upole ndiyo iliyomchoma.

"Utalia baadaye," alisema Bi Sitara. "Pita kulekule ulikopita. Sema kipi ulisikia na kipi ulitia mwenyewe. Kisha waambie nawaita hapa uani."

Badria akajifuta machozi, akaenda.

"Kumbe uliniongopea?" Mama Mudi alifoka.

"Deni ni kweli, Mama Mudi. Kufilisika nilitia chumvi. Na bibi hakunituma. Nisamehe."

"Mtoto una mdomo wewe! Ungekuwa na redio yako ungetuua kwa presha."

Akina mama walikusanyika uani, kila mmoja kaukumbatia mkoba wake.

"Sisi tunataka kujua," alisema Ritha. "Deni lipo, halipo?"

"Lipo," alijibu Bi Sitara. "Na hapa pia lipo. Severine akipokea leo, wiki zilizobaki anatudai au tunamdai?"

"Tunamdai," wakaitikia.

"Mbona hamuogopi?"

"Anashona huyo!" alisema Mama Mudi. "Cherehani itamlipia."

"Haya. Ritha, zamu yako ilipofika ulinunua nini?"

Ritha akajifunika uso kwa khanga. "Jamani, makochi! Kisha nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili nilipe mchezo. Riba ikanila mpaka mtaji wa vitumbua."

Ua mzima ukacheka, na Ritha akacheka nao.

"Nchi nayo ni hivyohivyo," alisema Bi Sitara. "Ikikopa ikajenga barabara, bandari, shule, na watu wakafanya kazi wakalipa kodi, deni linalipika. Ikikopa kwa anasa, au mkopo ukalipwa kwa mkopo, basi hela ya dawa na madawati inakwenda kwenye riba. Ndiyo maana ukinunua kitu udai risiti, ili kodi ifike serikalini, na ndiyo maana tuna haki ya kuwauliza waliokopa hela zimekwenda wapi."

Mama Mudi ndiye aliyefungua pochi kwanza. Wengine wakafuata, na Ritha akatoa yake kwa mbwembwe.

Severine na Badria wakaondoka mbio kwenda dukani, wakipenya katikati ya mikokoteni na mabelo ya nguo. Yule mteja wa Lubumbashi alikuwa ameshafika, anazungusha gurudumu la cherehani.

"Polycarp!" Severine aliita kutoka mbali. "Hela hii hapa!"

Walirudi na cherehani juu ya toroli, Badria akiisukuma kwa nyuma. Haikuchukua muda, mlio wake ulisikika uani.

Bi Sitara alimketisha mjukuu wake pembeni.

"Umeona ilivyokuwa? Hela ya Severine haikuibwa wala haikupotea. Watu waliogopa tu, na hofu peke yake ikatosha kusimamisha kazi ya mtu. Nchi nayo inaweza kuumizwa hivyo. Ukisikia habari ya deni, usiinyamazie, wala usiikuze. Uliza hela zilikopwa kwa kazi gani, na zitalipwa na nini. Ukishapata jibu la kweli, hapo mwambie umtakaye."