Tangi la Chini ya Paa

Haya yalimpata Chimène, binti ya mama yangu mkubwa, huko Buffalo, Februari 2015. Asubuhi hiyo alikuwa anapika uji, mtoto wake Aganze wa miezi saba akiwa mgongoni. Akafungua bomba. Maji yalikuwa yameganda.

Hakutaka kusumbua majirani. Akakumbuka tangi la chuma chini ya paa. Kambini, alikoishi ukimbizini kabla ya Marekani, kila nyumba iliweka maji ya akiba, akadhani hayo ndiyo. Akateka ndoo tatu. Yalikuwa ya uvuguvugu. Akamshukuru Mungu, akamwogesha Aganze, kisha maji ya kuogea akayamwaga nje kwenye theluji.

Saa sita mchana radiata zote, vile vyuma vya kupasha nyumba joto, zilikuwa baridi. Mwenye nyumba hakupokea simu. Aganze akaanza kupoa mwili, na ambulensi aliyoiita ikakwama barabarani. Jirani yake, Mama Nyirabagenzi, akamchukua mtoto nyumbani kwake penye joto, akamfunga blanketi lake mwenyewe.

Aganze alizidi kupoa.

Mume wa Nyirabagenzi, mzee Rutayisire, aliwahi kutengeneza boila, mitambo ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto. Alipopanda kuliangalia tangi, hakumgombeza.

"Mama, hii maji haiko ya kunywa," alisema. "Inazunguka mu nyumba. Ikipata moto, inapanda humu. Donc, tuirudishe."

Goti lake lilikuwa bovu, lakini alibeba maji kutoka kwake mpaka juu bila kulalamika. Ndoo tatu. Ndoo kumi. Ndoo ishirini. Tangi halikujaa. Chini hapakuwa na tone lililovuja.

Chimène akainamisha kichwa ndani. Sauti ya mwanamke ikanong'ona, karibu kabisa na sikio.

"Bado ile ya mtoto."

Rutayisire aliisikia pia. Akaweka ndoo chini. Hakuweza kumtazama Chimène.

Chimène akakimbia kumleta Aganze. Akamvua nguo. Akamwogesha palepale kwa maji ya ndoo ile, kwenye baridi, huku analia. Mtoto hakulia. Akamimina maji yale ya kuogea tangini.

Likajaa.

Mabomba yakagonga, moja baada ya jingine, mpaka chini. Radiata zikapata moto. Aganze akalia kwa nguvu.

Wiki hiyo walihama. Walilala Columbus kwa watu wa kanisa, kisha wakaja kwetu Newburg, Louisville. Nyumba yetu ni ya umeme, haina tangi. Nilimlaza Aganze pamoja na mwanangu.

Asubuhi nilimpapasa Aganze kichwani. Nywele zilikuwa zimelowa maji ya uvuguvugu, na mto aliolalia ulikuwa na madoa ya kutu.

Nikamgeukia mwanangu.

Zake pia.