Mwandishi Wetu, Wetu Kivipi?

"Hapa umeandika 'inalaani'. Toa."

"Bosi, leo ni siku ya nne wamemshika."

"Kuhesabu najua. Toa 'inalaani', weka 'inafuatilia kwa karibu'."

Koma alirudi mezani kwake na karatasi iliyochorwa wino mwekundu. Kazi yake pale wizara ya mambo ya nje ilikuwa kuandika matamko ya serikali. Jina la Koma alipewa na wenzake kwa sababu hakuna koma iliyokaa vibaya ikapita mbele ya macho yake. Tena alikuwa mkali. Ukimtania ukapitiliza alikwambia "koma", na ulikoma kweli.

Matamko yana ngazi zake. Ya chini kabisa ni kufuatilia kwa karibu, halafu kuna kuwa na wasiwasi, kusikitishwa, kutaka, na huko juu kabisa kulaani. Serikali haipandi ngazi ovyo, hasa kwa nchi jirani ambako waziri anakwenda ziara Alhamisi. Jirani huyo alikuwa amefunga gazeti moja, mlango ukapigwa mnyororo, na mwandishi aliyevuka mpaka kwenda kuripoti habari hiyo akatiwa ndani. Kosa lake, walisema, hana chombo kilichomtuma, hajulikani ni wa nani.

Bosi hakujua kwamba mwandishi huyo alikuwa wa Koma. Sheria ya ofisi ilikuwa wazi: faili likimgusa mtu wako, unasema, unakaa pembeni. Koma hakusema. Aliona heri kalamu iwe mkononi mwake kuliko kwa mtu ambaye kwake yule ni jina tu. Basi akafuta, akaandika, akaenda chooni kulia kidogo, akanawa uso, akarudi.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa hata tamko. Siku kumi nyuma, jikoni kwake, mwanaume yule aliweka kisu chini katikati ya kukata vitunguu, akamwambia anataka kumuoa. Koma akashtuka. Mtu akishtuka hukimbilia anapopajua, na mdomo wake ukakimbilia ofisini.

"Nimelipokea. Nitalifanyia kazi."

Alidhani mwenzake atacheka. Hakucheka. Alimaliza vitunguu vyake, akaaga, na asubuhi ya safari akatuma ujumbe: "Ukimaliza kulifanyia kazi, nijibu kwa barua rasmi." Koma alianza jibu mara tano, akafuta mara tano. Baadaye simu ya mwenzake ikawa haipatikani.

Saa tano mama wa yule mwandishi akapiga.

"Mkwe, nimesikia redioni serikali inafuatilia kwa karibu."

"Ndiyo, mama."

"Kufuatilia kwa karibu ndiyo kufanyaje? Maana hata mimi nafuatilia, na nimekaa tu hapa kitandani."

Koma akaikunja ile karatasi ya wino mwekundu.

"Wewe si ndiyo uko huko ndani, mwanangu? Basi kaza."

Mchana ikaja habari kwamba jirani anampandisha kizimbani Jumatano, yaani kesho kutwa. Bosi, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye suti za kijivu na maneno ya kuhesabu, akapanda ngazi mwenyewe. Akaagiza liandikwe kwamba serikali inataka mtu aachiwe mara moja, na likamfikie ndani ya dakika kumi. Koma akaandika mbio, vidole vikitangulia akili. Bosi akasoma kitenzi, maana macho yake siku zote yalitafuta kitenzi, akasaini. Tamko likatoka.

Saa kumi Koma akalisikia likirudi redioni, limesomwa na msemaji wa jirani: "Serikali inataka mwandishi wetu aachiwe mara moja." Msemaji akacheka kidogo. Sisi tulisema hana chombo, akasema, leo wenyewe wamekiri kuwa ni wa kwao. Basi huyo si mwandishi, ni mtu wa serikali, katumwa kuja kupeleleza.

Koma akachomoa nakala ya tamko, akalikuta neno lenyewe. Alikusudia kuandika "mwandishi huyo". Lakini kwenye simu yake jamaa hakuwa na jina jingine ila Mwandishi Wetu. Hakuajiriwa na gazeti lolote, aliuza tu habari, na zile za moto zilitoka gazetini bila jina, juu yake pameandikwa "Na Mwandishi Wetu" tu, na Koma alimtania hivyo miaka mitatu mpaka utani ukawa jina. Vidole vilikuwa vimemwita mpenzi wao. Fundi wa kukamata koma za wenzake alikuwa ameachia neno zima, na kesi ya upelelezi haina mchezo. Mtu anaweza kuzeekea ndani.

Wakaitwa ofisini kwa bosi. Mwanasheria wa wizara akaja na dawa yake tayari: watoe masahihisho, kwamba mtu huyo si mtumishi wa serikali na serikali haina uhusiano wowote naye. Kwa wizara ilikuwa dawa nzuri. Kwa aliyekuwa ndani ilikuwa ni kumkana mchana kweupe.

"Tukisema si wetu, atakuwa wa nani?" Koma akauliza.

"Hilo ni lake," mwanasheria akajibu.

Bosi akavua miwani. "Nani aliandika 'wetu'?"

"Mimi." Koma akaweka simu mezani, ule ujumbe wa mwisho ukiwa wazi. Akaeleza yote, la jikoni na la vidole. "Ni mchumba wangu. Nilificha. Niadhibuni mnavyotaka, lakini msimkane."

Bosi akasoma ujumbe. "Hukumjibu?"

"Bado."

"Basi si mchumba."

"Ni mchumba. Jibu lipo, wa kulipokea ndiye hayupo."

Bosi akamrudishia simu. Kisha akamwambia kwamba faili amenyang'anywa tangu dakika ile, kesho ataripoti masjala akapange majalada, na barua ya onyo itamfuata. Koma akaitikia. Bosi akainua simu ya mezani na kuagiza balozi wa jirani aitwe.

Balozi alifika kabla jua halijazama, mzee mpole aliyezoea kukaribishwa kwa tabasamu. Siku ile hakulipata. Bosi alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba ziara ya Alhamisi imesimama, kwamba waziri hapandi ndege kwenda mahali magazeti yanapigwa minyororo, na kwamba mtu akipanda kizimbani, tamko nalo litapanda hadi ngazi ya mwisho.

"Na lile neno mnalifuta?" balozi akauliza.

"Halifutwi."

"Sasa ni wenu kivipi?"

Bosi akamnyooshea kidole Koma, aliyekuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. "Anamuoa binti yetu huyu. Ni mkwe wetu. Kwani nyinyi kwenu mkwe huwa ni mpelelezi?"

Balozi akamtazama Koma, akatazama chai yake. Akasema ataeleza kwao kama alivyoelezwa. Hakuahidi kitu.

Tangu hapo Koma hakukaa wala hakusimama. Jumanne alipanga majalada na kuyapangua. Jumatano, saa tatu ya mahakama, alikaa sakafuni masjala, simu gotini. Saa nne kimya. Saa tano kimya. Saa sita ikaita namba asiyoijua.

"Koma."

"Uko wapi?"

"Kituo cha mpakani. Wamenipakia asubuhi, nikajua mahakamani hiyo. Wakanishusha hapa." Akakohoa. "Ofisa mmoja kaniambia, nenda, mkwe. Mkwe wa nani mimi?"

Koma akacheka na kulia kwa pamoja, na wenzake wa masjala wakajifanya wanatafuta majalada.

"Gazeti la watu bado lina mnyororo," akaendelea mwanaume yule, sauti imeshuka. "Nitaiandika hiyo. Safari hii kwa jina langu."

Jioni walikutana sebuleni kwa mama wa mwanaume yule. Mwanaume alikuwa amekonda na shati si lake. Koma alikuwa ameandaa hotuba, ikamtoka yote kichwani alipomwona, akabaki kumpa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja:

"YAH: OMBI LAKO LA KUNIOA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ombi lako limefanyiwa kazi. Jibu ni ndiyo.

Nakala: Mama"

Mwanaume akaisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari, kama anatafuta kosa.

"Barua nzima haina koma."

"Koma nimekuja mwenyewe," akasema.

Mwanaume akamvuta, akamkumbatia, na hakuna aliyeona haraka ya kuachia. Mama akasubiri kwa adabu, kisha akanyoosha mkono.

"Na nakala yangu iko wapi?"

Koma akatoa bahasha ya pili.