Mwangwi wa Sebule ya Marsiana

"Rudisha nyuma kidogo," Marsiana alimwambia mteja. "Hapo kwenye kiitikio."

Mteja, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, akagusa simu yake na kwaya ikaimba tena. Mwandiga nzima ilikuwa na wimbo ule, na kila mtu alisema mwangwi wake unatia ukiwa hata kama huna msiba. Sauti zilipopanda, nyuma yake kitu kidogo kikasikika kikitetemeka.

"Hicho ni kioo cha dirisha langu," Marsiana akasema.

Dada yake Catherine, mwenye saluni, akacheka. "Dirisha gani tena, mdogo wangu?"

"La sebuleni, kule Buzebazeba. Kimelegea tangu tuhamie."

Catherine akaacha kucheka. Marsiana akatoka nje na simu. Namba ya mumewe hakuwahi kuifuta, japo mbele za watu alisema kaifuta siku nyingi.

"Pastory, ile kwaya umeirekodia wapi?"

"Marsiana? Hujambo, mke wangu?"

"Nimeuliza wapi."

"Studio."

"Studio yako ni stoo ya mahindi uliyobandika trei za mayai ukutani. Haitoi sauti ile."

"Sebuleni," akakiri.

"Kwangu."

"Si ulipaacha patupu?"

Marsiana akakata simu.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kitabu. Pastory alikuwa fundi wa kurekodi muziki, hodari tu, mpaka siku alipokipata sokoni kwenye mitumba: kitabu kinene cha Kiingereza, kinachoeleza jinsi albamu za roki za zamani zilivyorekodiwa. Maiki ilikaa umbali gani na ngoma, nani aliimbia bafuni, dari ya ukumbi fulani ilikuwa ya mbao gani. Wanamuziki wenyewe wengine wameshazeeka na wengine wamekufa, lakini Pastory aliwahangaikia utadhani mashemeji zake. Alilala na kamusi kifuani. Mara godoro limesimamishwa ukutani, mara vitenge vya mkewe vimetundikwa mlangoni. Wanawake wa mtaani wakamtania Marsiana kwamba kaletewa mke mwenza wa jalada gumu. Akacheka nao, baadaye akashindwa kucheka. Mtu ukimsemesha anajibu "ngoja nimalize ukurasa," na kurasa zenyewe haziishi, hapo umeolewa na nani?

Siku aliyoondoka alibeba vilivyo vyake, alivyonunua kwa biashara ya dagaa pale Kibirizi: makochi, mapazia, kapeti, hata kitanda. Alitaka nyumba imuume mwanamume yule. Kisha akakaa kwa dadaye, nyuma ya saluni, akisubiri kufuatwa, kama mke anavyofuatwa, mzee akitangulia. Pastory hakuja. Kumbe nyumba haikumuuma, ilimpa jina. Hilo ndilo lililomchoma Marsiana kuliko yote.

Jioni ya siku ile ya simu, ujumbe wa Pastory ukaingia: "Nikija na mzee utanipokea?"

Akajibu: "Njoo nikuone."

Jumapili akaja na Mzee Hamdani, jirani yao aliyekuwa mshenga wa posa yao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mtu wako. Asiyekuwepo na lake halipo, nimemwambia aje aseme mwenyewe."

Pastory alikuwa amekonda na shati lake halijaona pasi. Marsiana akajionya asimhurumie mapema.

"Nimekosa, mke wangu," Pastory alisema. "Naomba urudi nyumbani."

"Nitarudi. Ulete kigari cha kirikuu, vitu vyangu ni vingi."

Pastory akayatazama makochi. "Makochi si yangekaa hapa kwanza? Na mapazia. Kuna kwaya ya Uvira inavuka ziwa kuja kurekodi. Kitambaa kinameza mwangwi, kitabu kinasema..."

Mzee Hamdani alifumba macho kama aliyeumwa jino. "Pastory, umefuata mke au umefuata chumba?"

"Mzee, umechoka bure," Marsiana akasema taratibu. "Huyu alifurahi nilipoondoka."

"Sikufurahi, Marsiana."

"Kila gari lililosimama hapo barabarani nilidhani unashuka wewe. Kumbe mwenzangu uko sebuleni unarekodi. Ningejua nimekuachia studio, ningekudai kodi."

Marsiana akaingia chumbani akafunga mlango, akaegemea na kulia. Upweke alioubeba tangu aondoke mvua za kwanza ukamtoka wote kwa mpigo. Pastory akasogea upande wa pili wa mlango.

"Mara ya kwanza sikuwa narekodi," alisema. "Niliingia ndani nimesahau kuwa hupo, nikakuita. Sebule ikaniitikia kwa sauti yangu mwenyewe. Nikakuita tena, na tena. Kuja kukufuata niliona haya. Maiki nilileta baadaye, kwa ujinga wangu. Watu wanasema ule wimbo unatia ukiwa. Ukiwa wenyewe ni huo."

Marsiana alisikia kila neno. Alitamani kufungua, lakini mkono ulikataa.

"Nenda, Pastory. Maneno hayabebi kochi."

Asubuhi honi ikalia nje ya saluni. Pastory alikuja peke yake, akaliinua kochi refu, akajitwika kichwani na kulipeleka mpaka kwenye kirikuu huku Catherine akimwangalia mikono kiunoni.

"Na kwaya ya Uvira?" Marsiana akamuuliza.

"Nimewapigia. Nimewaambia sebule ina mwenyewe."

Jioni, Buzebazeba, kapeti lilikuwa chini na mapazia yametundikwa. Pastory akasimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja, vile mafundi wa sauti wanavyopima chumba. Hakuna kilichorudi.

"Imekufa," akasema.

"Unajuta?"

"Najuta. Sauti ile siipati tena."

Angekataa, Marsiana angejua anadanganywa. Akasogea pembeni ya kochi, akampisha.

"Kaa hapa. Ulikuwa unalalaje muda wote huu?"

"Chini. Kitanda si ulikichukua?"

"Nilikichukua," Marsiana akasema. "Na mimi sikulala."