Kioo Kilichoachwa Wazi

Masika ya mwaka 1961, radi ilipoanza kunguruma mtaani Bofu, Kuluthum alifunika vioo vyote vya nyumba kwa kanga, kama alivyofanya mamake. Kilichobaki wazi ni kioo cha kamera ya mumewe.

"Na hicho, babake Samiha?"

"Hiki ndicho cha kazi," Badawi akasema. "Kupiga picha ya umeme usiku kila mtu aweza. Mimi nautaka mchana."

Riziki yake ilikuwa picha za vipande, vile vitambulisho vya serikali. Siku hiyo alitia kioo chekundu mbele ya kamera kupunguza mwanga, akaielekeza uani na kuiacha wazi nusu dakika. Bintiye Samiha, wa miaka minne, alikuwa akikimbia mvuani. Hilo halikumsumbua. Kamera ikiachwa wazi hivyo, anayekimbia hatoki pichani. Hutoka aliyesimama tuli.

Umeme ukapiga. Uani kukanuka nywele zilizoungua.

Baadaye, katika chumba cha giza, picha ikaibuka polepole ndani ya dawa. Umeme ulitoka vizuri. Chini yake alisimama Samiha, hakutikisika hata unywele, mkono wa kulia juu, kama mtoto aliyeshikwa na mtu mrefu. Kando yake palikuwa na kivuli kilichopita paa.

Alipofungua mlango alimkuta Kuluthum nje, amengoja muda wote asije akaiharibu kazi kwa mwanga. Alikuwa na Samiha, mkono wa mtoto ungali juu.

"Hauteremki," Kuluthum akanong'ona. "Nauvuta, na kuna anayeuvuta kule juu."

Maalim Aqil wa chuoni, aliyeitwa aje kumsomea mtoto, alifika kabla ya magharibi. Aliitazama picha, hakuketi.

"Kioo hicho cha kamera ndicho mlango wake. Kivunje. Picha uichome."

"Maalim, kamera ndiyo itulishayo."

"Basi chagua."

Badawi akakivunja kwa mchi, akaichoma picha pamoja na filamu yake, na Maalim alipokuwa akisoma, moshi umejaa chumbani, nyayo zilizolowa zikaanza kuzunguka mkeka pasipo mtu wa kuzikanyaga, zikapita nyuma ya Kuluthum, nyuma ya Maalim, nyuma ya Badawi mwenyewe ambaye hakuthubutu kugeuka, mpaka zikasimama, kisomo kikaisha, na mkono wa Samiha ukaanguka.

Kuluthum akamvuta kifuani, machozi yakimtoka. "Ameondoka, mwanangu?"

"La, mama," Samiha akasema, akainua mkono wa kushoto. "Amehamia huku."